Msiba Usio na Shahidi

Katika ukoo wa Luciana, pale Namawala, mtu akifia mbali na mwili usirudi, hawakai matanga mpaka aliyeona asimame mbele ya wazee aseme kwa kinywa chake kwamba amekufa. Bila hivyo mjane si mjane, na mama haruhusiwi kulia kwa sauti.

Luciana alikuwa dunguni, kwenye jukwaa la miti shambani, akiamia ndege wasile mpunga ulioanza kuinama, Omega, rafiki wa mwanawe Ignas, alipotokea akichechemea.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umekonda! Huko walikuwa wanawalisha nini?"

"Biskuti ngumu, mama. Ukimrushia mbwa anakimbia."

Luciana hakucheka. "Ignas yuko wapi?"

Omega na Ignas walipitia jeshi la kujenga taifa Chita, wakarudi nyumbani kukaa bila kazi. Ndipo alipofika mtu Ifakara akitafuta vijana waliofunzwa silaha na wanaojua kuendesha mtumbwi penye matete. Kazi, alisema, ni kulinda mgodi nje ya nchi.

"Mgodi hatukuuona," Omega alisema. "Tulikuwa tunavusha watu wenye bunduki. Wakubwa wetu ni majasusi wa taifa moja kubwa la mbali. Ukiwauliza, watakwambia nchi ile tuliyopelekwa hawana vita nayo. Ignas alipigwa risasi ameshika pondo la kusukumia mtumbwi. Amenifia mikononi. Wakaniamuru nimwache majini."

Taifa linalomkodi mtoto wa watu akiwa hai, likamkana akiwa maiti, limekosa haya, hata liwe na ndege za vita ngapi.

Luciana alishika nguzo ya dungu. "Jumapili utawaambia wazee."

"Siwezi. Walituapisha tusiseme. Walinitajia dada yangu Agnella, na meza yake ya ndizi pale Sanje; wanajua pa kumpata."

"Siri zao sizitaki. Sema neno moja tu: amekufa."

"Wataniuliza wapi."

"Omega, nimekunyonyesha wewe mama yako alipolazwa."

Kijana aliinamisha kichwa, akasema atakuja.

Akaja kweli. Leodegar, kaka wa marehemu mume wa Luciana, akamsimamisha katikati ya ua. Noela, mke wa Ignas, alikaa na kanga mdomoni.

"Sema, kijana. Umemwonaje mwenzio?"

Omega alimtazama Luciana, kisha akatazama chini. "Nilimwacha mzima. Anawasalimu."

Noela alipiga kigelegele, wanawake wakampokea. Luciana aliinuka. "Mwongo! Ameniambia mwenyewe..." Akaikumbuka meza ya Agnella, akaketi.

"Amekwambia nini?" Leodegar aliuliza.

"Hakuna."

"Shemeji, una haraka gani ya kumzika mwanao? Mama gani wewe?"

Watu walipotawanyika, Noela alitoa mashati ya Ignas sandukuni, akayafua huku akiimba. Luciana alimsaidia kuyaanika.