Utani Niliomtania Kocha

Mimi nilizaliwa na mdomo. Marehemu mama yangu alikuwa akisema kwamba watoto wengine hutanguliza kichwa, wengine miguu, mimi nilitanguliza mdomo. Kwa mdomo huo niliuza mihogo, uji na chai miaka mingi kwenye njia ya kuingilia bandari ya Mtwara, na kwa mdomo huo huo nusura nimpoteze mtu.

Nilitoka Songea nikimfuata mume wangu, aliyekuwa kuli bandarini. Makuli walikunywa chai kwangu kabla ya zamu, na saa nne wakarudi wamejaa vumbi la magunia ya korosho. Nilikuwa na mabenchi mawili, sufuria mbili na mafiga matatu. Kila Jumatatu mechi ya timu yetu ilichezwa upya hapo. Timu ilikuwa ya makuli na mafundi wa bandarini, mji mzima ukiwa nyuma yake. Mimi mwanamke, lakini uwanjani nilikwenda, tena nilikaa mbele. Asiyependa na anune.

Kocha wetu alikuwa mtu wa ng'ambo ya Ruvuma. Alivuka na mkewe wakikimbia vita vya Mreno, akapanga chumba mtaa wa Rahaleo, akaweka cherehani barazani. Mchana alishona nguo, jioni alifundisha mpira, maana mpira alijifunza utotoni huko kwao kwenye shule ya mapadri. Yeye Mmakonde, mimi Mngoni, kwa hiyo hatukuhitaji kutambulishwa. Ni watani. Babu zetu walipigana wakauana, na vita vilipokwisha wakatuachia matusi matamu. Mtani wako anaweza kukuvua kofia, akala chakula chako, akamtukana babu yako aliye kaburini, na ukikasirika mwenye makosa ni wewe.

Siku ya kwanza alipokaa kwenye benchi langu nilimpokonya kikombe. "Tangu lini mtumwa wa babu yangu akanywa kabla ya wenyewe?"

"Babu yako hakuteka mtu," akajibu polepole, bila kucheka. "Alimwona bibi yangu na ndonya, kile kigingi cha mti kilichotoboa mdomo wa juu, akatoka mbio hadi Songea. Ndiyo maana mpo huko mpaka leo."

Benchi zima likaanguka kicheko. Tangu hapo nilimwita mtumwa, naye akaniita mnyang'anyi, na siku ikawa imeanza. Alinizidi miaka kama kumi, lakini shikamoo haikupita kati yetu hata mara moja. Kwa watani hiyo ni salamu ya wageni.

Msimu wake wa kwanza tulishinda mpaka tukazoea. Watu walimpenda hadi inachekesha. Mazoezini alihesabu kwa Kireno, maana ndicho alichofundishiwa, na sisi tuliokaa kwenye nyasi tulihesabu naye, umu, doishi, treshi, watu wazima na ndevu zao. Mechi ikichezwa yeye alisimama kimya kama anasubiri kupimwa suruali, na watu wakasema ametulia, ana mahesabu kichwani. Alasiri alipenda kwenda peke yake ufukweni Shangani kutazama meli zinazoingia. Watu wakasema anawaza mbinu. Walimpelekea kuku, walimpelekea korosho, na mzee mmoja wa Madimba alimbebea mkungu wa ndizi kwa miguu.

Kitu kimoja tu kilileta maneno. Timu yetu, kama timu zote za wakati ule, ilikuwa na kamati iliyoshughulika na mtaalamu, ndivyo tulivyomwita mganga. Mtaalamu alikuwa amesema wachezaji wasipite kwenye lango la kuingilia uwanjani, kwa sababu wapinzani hufukia dawa pale. Waingie kwa kuruka ukuta wa nyuma. Kocha akakataa. Alisema mchezaji akivunjika mguu ukutani, mtaalamu hatacheza badala yake. Akawapitisha langoni, yeye mbele, wao nyuma. Tulipokuwa tunashinda, tuliona ni ushujaa.

Kisha tukafungwa na watu wa Lindi, nyumbani kwetu, mbele ya wakwe zetu. Wiki iliyofuata tukafungwa tena. Jumatatu ile benchi langu lilikuwa na watu wengine kabisa, ingawa sura ni zilezile.

"Lango ndilo limetumaliza," alisema kuli mmoja, yule yule aliyewahi kumbeba kocha mabegani.

"Halafu anasimama pale kimya. Hana uchungu, timu si ya kwao."

"Na hicho Kireno ni cha nini, jamani? Mreno si ndiye adui?"

Nilisikia hilo la mwisho, nikaendelea kugeuza mihogo. Nilipaswa kuogopa pale pale. Siku zile vita vilikuwa karibu kiasi kwamba ukisikia ndege unaacha unachofanya, unatazama juu kwanza kama ni yetu. Kwenye vijiji vya kando ya mto watu walikuwa wanakanyaga mabomu wakienda shambani. Bandarini zilishushwa shehena ambazo mume wangu hakunisimulia, nami sikumuuliza. Mgambo walisimamisha wapita njia, na kila balozi wa nyumba kumi alitakiwa amjue mgeni wa kila nyumba.

Katikati ya maneno yale kocha akatokea, amechelewa. Watu wakanyamaza. Mimi kimya cha namna ile sikiwezi, kinaniwasha. Nikaona nikitie utani, watu wacheke, yaishe.

"Mtumwa, umechelewa," nikasema kwa sauti ya kufika barabarani. "Ulikwenda kumpelekea Mreno habari zetu? Safari hii amekulipa nini, shati au chumvi?"

"Alitaka kunipa Mngoni," akasema huku akikaa. "Nikamwambia hao hawanunuliwi, hutolewa bure."

Watu wakacheka, wengine kwa shingo upande. Ila kwenye benchi la nyuma alikaa katibu mpya wa tawi la chama na kikombe chake cha uji. Alikuwa amehamishiwa kwetu kutoka kaskazini ya mbali, hajamaliza hata mwezi. Kijana msafi, kalamu mfukoni. Hakucheka.

"Mama, hilo ni kweli?" akaniuliza.

Hapa ndipo nilipokosea, na ni kosa la watu wenye watani. Utani haurudishwi. Ukiulizwa kama ni kweli, unakazia, kwa sababu anayesema "natania tu" ameshindwa, na atachekwa mwezi mzima.

"Kweli tupu," nikasema. "Muulize mwenyewe."

"Kweli, ndugu katibu," kocha akasema, na kunywa chai yake.

Katibu akatutazama wote wawili, akaacha uji nusu, akaondoka.

Wiki ile ile ndege zisizojulikana zilipita upande wa mto, na ikasikika kwamba mama mmoja kijijini amekatwa mguu na bomu akichimba muhogo. Jumapili timu ikafungwa mara ya tatu. Jumatatu asubuhi mteja mmoja, mtu wa Mikindani ambaye hakuwapo siku ile, aliniinamia sikioni. "Umesikia? Kocha anapeleka habari kwa Mreno. Analipwa mashati. Wanasema alikiri mwenyewe, mbele za watu."

Kijiko kilinianguka. Lilikuwa neno langu hilo, limezunguka mji, limerudi limevaa suruali.

"Ule ni utani," nikamwambia. "Niliusema mimi."

"Usimfiche, mama," akasema taratibu. "Wanaowaficha nao huchukuliwa."

Niliogopa. Nasema waziwazi, maana kuna watu wakisimulia mambo ya zamani wao huwa mashujaa tangu mwanzo hadi mwisho. Nilimwogopea kocha, kisha nikamwogopea mume wangu aliyefanya kazi bandarini, kisha nikajiogopea mwenyewe, na hiyo ya tatu ikazishinda zile mbili. Nikafunga mdomo. Mimi, niliyetanguliza mdomo.

Siku zilizofuata kila kitu cha kocha kiligeuzwa kama nguo inayovaliwa ndani nje. Ufukweni Shangani hakuwa anawaza mbinu, alikuwa anahesabu meli. Kimya chake kilikuwa cha mtu mwenye siri. Hata kuwapitisha vijana langoni, ilisemekana, ni ili mtu wa Mreno awatambue sura. Waliohesabu naye umu, doishi, treshi sasa walisema hawajawahi kukijua Kireno. Alipokuja kunywa chai, benchi alilokalia lilibaki lake peke yake. Alinitazama akisubiri nimwite mtumwa. Nikamwekea kikombe, nikageukia moto. Hakuja tena.

Alhamisi, jua limeshapanda, mkewe alifika kwangu na mtoto mgongoni, hana kanga ya kichwani. Sikuwahi kumwona hivyo.

"Dada, wamemchukua kwenye cherehani," akasema. "Yuko ofisi ya tawi. Gari la kumpeleka linakuja saa nane. Wanasema shahidi ni wewe."

"Kumpeleka wapi?"

"Hawakusema. Dada, mwenzetu mmoja pale mtaani naye walisema wanampeleka kuulizwa tu. Mwaka wa pili huu."

Niliacha mihogo motoni. Njia nzima nilijiambia kwamba nikifika nitageuka. Nje ya ofisi palikuwa na watu wengi, na wote niliwajua: mashabiki, makuli, wengine wana madeni ya chai kwangu tangu msimu uliopita. Walinipisha njia. Mmoja akaninong'oneza, "Sema kweli, mama, usiogope," na ndipo nilipoogopa zaidi, kwa sababu kweli aliyoitaka yeye niliijua.

Ndani kulikuwa na katibu mezani, mgambo wawili mlangoni, na kocha kwenye benchi akitazama miguu yake. Uzi wa kushonea ulikuwa bado umemning'inia shingoni. Katibu akachukua karatasi, akanisomea maneno yangu, neno kwa neno, hata shati na chumvi. Kila baada ya mstari alitazama saa yake. Nafikiri naye alikuwa na wakubwa wake aliowaogopa.

"Ulisema?"

"Nilisema."

"Basi ni kweli."

"Ni utani, ndugu katibu. Yeye Mmakonde, mimi Mngoni."

"Utani naujua, hata kwetu upo. Lakini huo ni wa makabila ya hapa nchini. Huyu ni mtu wa ng'ambo."

"Utani ulianza kabla mto haujawa mpaka," nikasema. Akatikisa kichwa, akachukua kalamu, akaanza kuandika. Nilisikia gari likisimama nje. Sitaficha, kanga yangu ililowa. Lakini kumbe ukishaaibika kiasi kile, huwa hakuna tena cha kulinda.

"Kama unaandika, andika yote," nikasema. "Andika kwamba huyu ni mtumwa wangu. Nimesema hivyo kila siku ya Mungu, mbele ya watu hao walioko dirishani, nawe umekunywa uji wangu ukisikia. Nchi ya ujamaa, mtu anamiliki mtumwa, na katibu wa tawi hajamkamata? Andika pia kwamba bibi yake alimfukuza babu yangu kwa ndonya kutoka huku hadi Songea. Andika kwamba mimi ni mnyang'anyi, yeye ndiye shahidi. Kama maneno yetu ni ushahidi, basi tupakie wote wawili. Na kama mengine ni utani, na hilo la Mreno ni utani."

Kalamu ya katibu ikasimama. Kisha kule dirishani kuli mmoja akacheka, akajaribu kukimeza kicheko, akashindwa. Mwingine akamfuata. "Jamani, kweli," mtu akasema, "hawa siku zote ndivyo walivyo." Walisema hivyo wenyewe, watu wale wale.

Katibu akaweka kalamu chini, akamgeukia kocha. "Mnataniana?"

Nilimtazama nikimwomba kwa macho. Jibu, mtani. Nitukane, nitukanie ukoo mzima, watu wakuone.

"Ndiyo, ndugu katibu," akasema bila kuinua uso. "Ni utani."

Walimwachia kabla ya saa tisa. Timu walimwondoa, na karatasi haikuchanwa. Niliiona ikiingia kwenye saraka ya meza, na kwa miaka niliota saraka ile. Nje, watu walewale wakaanza kumpa mkono. Nilisubiri zamu yangu. Aliponifikia akasimama, akauvua ule uzi shingoni, akauviringa kidoleni.

"Shikamoo, mama," akasema.

Nilisubiri mkia wa utani. Haukuja. Akaenda zake na mkewe, nami nikabaki nimesimama, sijaitikia.

Kocha aliyefuata aliwarusha vijana ukuta, na wakafungwa vilevile. Mmoja akavunjika kifundo cha mguu. Benchi langu likaanza kusema kwamba yule wa langoni alikuwa na akili. Wakaenda kumwomba arudi, mara mbili, na kuku mkononi. Akawajibu kwa adabu kwamba ana nguo za watu. Chai alikunywa kwingine. Tukikutana njiani nilimtupia, "Mtumwa, umekonda," naye alinisalimia shikamoo, kama mtoto aliyelelewa vizuri, akapita.

Kwao kulipopata uhuru, akafunga cherehani kwa kamba akarudi. Mji ulikuja kumuaga kwenye lori. Watu walilia. Lilipowashwa, makuli wakaanza kuhesabu, umu, doishi, treshi, kwa furaha, kama watu ambao hawajawahi kukisahau Kireno hata siku moja. Nilisimama upande wa bodi la nyuma, nimembebea mtoto wake mihogo kwenye jani la mgomba. Alipokea kwa mikono miwili.

"Shikamoo, mama."

Nilikuwa na tusi moja zuri nililoliandaa tangu alfajiri, la babu yake na kivuko. Nikamtazama usoni, mtu aliyenizidi miaka kumi.

"Marahaba," nikasema.