Mama Mkwe Alipomwita Omari

Usiku ule nililala nimenuna, na mtu akilala amenuna asishangae nani atamjia. Mimi alinijia mama mkwe. Marehemu wote nilio nao, mama yangu mzazi yumo, baba yangu yumo, watu wa maana, wenye haya zao, wote wakakaa kimya huko waliko, akaja yule. Ana miaka minne kaburini, na hata huko nadhani anawaambia wenzake wasogee.

Kwanza niseme alikuwa nani. Alizaa wanaume sita na hakuzaa msichana hata mmoja, na hilo alilitaja kila alipokaa, misibani na harusini, utadhani sisi wengine tulizaa kwa bahati na yeye kwa juhudi. Hao sita aliwalea kukaa. Ndiyo kazi aliyowafundisha. Mimi niliolewa na wa tatu, Baba Rajabu, mtu mwema simsemi vibaya, lakini anaweza kuketi mtungi ukimgusa bega akaitisha maji. Mara ya kwanza nilidhani ananitania. Nilipowaona ndugu zake nao ni vivyo hivyo nikajua ni malezi. Nikambenulia mdomo mama yao, kimoyomoyo, maana mkwe ni mkwe, na nikaapa kwamba Mungu akinipa wavulana, wangu watakuwa na mikono.

Mungu naye akanipa wanne. Rajabu ana miaka kumi na minne, Salehe kumi, Idi saba, na Mudi anakaribia mitano. Mwenye mabinti asinieleze habari za kuchoka. Nyumba ya wavulana wanne haina kikombe chenye mkono wala kandambili zenye jozi. Mlango wa choo umeng'oka mara mbili na hakuna aliyeung'oa. Sabuni inakwisha na watoto hawajaoga. Wanakula wakiwa wamesimama, wanapigana wakiwa wamelala, na ukiuliza nani kamwaga maziwa, wote wanne walikuwa msikitini. Mimi ni fundi cherehani, nashona sare za shule barazani kwangu hapa Korogwe, mguu uko kwenye pedali tangu asubuhi, kwa hiyo nyumba naiendesha kwa mdomo. Naita, natuma, nashona.

Na nilikuwa najidai, nisifiche. Jirani yangu ana mwana mmoja ambaye dada zake wamemwosha miguu mpaka kaota ndevu. Yule mama akipita namtolea sauti makusudi: wanangu wanafua, wanangu wanaosha vyombo, wanangu ugali wanasonga wenyewe. Akipita tu, nasonya. Nilijiona mimi peke yangu ndiye ninayejua mtoto wa kiume analelewaje, na wengine wote wanafuga kuku wa mapambo.

Siku hiyo kaka yangu alikuwa amefika kutoka Handeni. Shule zilikuwa zimefungwa, akataka kuondoka na mtoto mmoja akae kwake likizo nzima, acheze na wenzake, ale mahindi ya kuchoma, basi. Akasema nichague mwenyewe. Hapo Salehe, ambaye tangu azaliwe sijamsikia akiomba kitu, akaja akasimama karibu na cherehani yangu, mikono bado ina povu la vyombo.

"Mama, naomba niende mimi."

Nilicheka. Nilicheka kweli, nikamuuliza yeye akienda nitamtuma nani, nikasema ataenda Rajabu, angalau nyumba itapumua. Salehe akasema sawa, akarudi kwenye vyombo vyake. Usiku baada ya kula kaka yangu akanikalisha, akaniambia polepole kwamba tangu afike hajamwona mtoto yule amekaa. Nikamjibu kwa dharau niliyokuwa nayo yote, kwamba mwanamume asiyejua hata mkaa unawashwaje asinifundishe kulea. Kisha nikaenda kulala na hasira zangu.

Basi nikajiona niko uani, jua la saa tano, kweupe kabisa. Nimeanika nguo. Kaptula, kaptula, kaptula, na kamba haina mwisho, imevuka ukuta wa jirani inakwenda zake. Ninainama kupita chini ya kaptula moja, nikiinuka namwona mama mkwe amesimama mbele yangu. Amevaa kanga yake ya kisutu na mkononi ana ndoo tupu. Nikashangaa ndoo kuliko kufufuka kwake, kwa sababu tangu nimjue sikuwahi kumwona amebeba hata kikombe.

Nikamwamkia kwa mdomo wa pembeni. Hakuitika. Nikasema moyoni, hata kifo hakikumfundisha adabu. Nikamkaribisha kwa kejeli, nikamwambia apite ndani aone wavulana wanavyolelewa, maana yeye hakupata bahati ya kujua. Anapita hivi bila kunitazama. Anachungulia jikoni, anachungulia nyuma ya pipa la maji, ananyanyua nguo kwenye kamba moja moja na kutazama nyuma yake. Kisha anasimama katikati ya ua na kuita.

"Omari!"

Omari ni wa nne katika wale sita, shemeji yangu ambaye namjua kwa picha moja tu. Aliondoka nyumbani ana miaka kumi na minane, akasema anakwenda sokoni, na mpaka leo. Mama yake alipokufa walitangaza, walituma watu, hakuja hata kumwaga konzi ya udongo. Katika ukoo wanasema alipotea. Mimi nilikuwa na jina langu kwa mtu wa namna hiyo, nalo si la kuandika. Mtoto wangu akifanya utovu wa adabu nilikuwa namwambia, endelea, utakuwa kama Omari.

Sasa, kila aliyelelewa na bibi anajua kwamba marehemu akiita ndotoni haitikiwi. Hata akiita jina lisilo lako, unanyamaza. Ukiitika umekwenda naye. Mimi nilifundishwa hivyo na nimewafundisha wanangu wote wanne. Kwa hiyo nikabana midomo. Mama mkwe akaita mara ya pili, Omari, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeita sana siku hiyo.

Nyuma ya nguo mtu akaitika, "Naam!"

Ni Salehe. Anakuja mbio, anajifuta mikono kwenye kaptula, macho yanatafuta ni nini kinachotakiwa. Nataka kumpigia kelele arudi. Siwezi. Mdomo wangu umejaa pini, zile ninazozibana kwa midomo nikishona, zimejaa mpaka kooni, na nikifungua nitazimeza. Mtoto ananipita kwa umbali wa mkono tu. Anaitikia wafu, na sababu ni kwamba nimemzoesha kuitika kila sauti kabla hajajua ni ya nani. Niliogopa, jamani, sijawahi kuogopa hivyo hata siku ya kujifungua.

Ninamkimbilia, na hapo si kwangu tena. Ni nyumbani kwa mama mkwe, nyumba ile ya zamani niliyofikia nikiwa bibi harusi. Barazani wamekaa wanawe, wavulana wadogo kama walivyokuwa utotoni, mume wangu yumo na pua yake ile ile. Na kati yao wamekaa wa kwangu. Rajabu, Idi, hata Mudi. Wamenyoosha miguu namna moja. Huyu anasema maji. Huyu anasema kiberiti. Huyu anataka kandambili zake, na kandambili amezikalia. Hakuna anayeinua kichwa. Salehe anakwenda na kurudi, anakwenda na kurudi.

Nikaanza kuwasonya moyoni, wavivu wakubwa, kizazi cha wavivu. Nikaufuata mstari wa wale waliokaa kwa macho mpaka mwisho wake, na mwishoni kuna mwanamke ameketi na cherehani. Ni mimi. Salehe, uzi. Salehe, mtazame Mudi. Salehe, mkasi. Na mkasi uko mapajani pangu, nauona, unang'aa.

Basi hapo ndipo nilipohesabu wale "wanangu" niliokuwa nawatangaza kwa majirani. Wanangu wanafua: Salehe. Wanangu wanaosha vyombo: Salehe. Anayesonga ugali ni Salehe, anayemwogesha Mudi ni Salehe, anayemwamsha Rajabu asichelewe shuleni ni huyo huyo. Rajabu nilimtuma mara tatu akajifanya hasikii, na mimi sina muda wa kuita mara tatu, nikawa namwita yule anayesikia. Nyani haoni kundule. Nimemcheka mama mkwe miaka kumi na sita, na nimefanya alichofanya, tena nikijisifu.

Nikamgeukia nione anavyonicheka. Mimi ningecheka. Ningecheka mpaka kanga inidondoke. Yeye hacheki. Salehe amemfikia, amenyoosha mkono apokee ndoo.

"Sikukuita wewe," akamwambia. "Kaa."

Akamkalisha mkekani. Kisha yule bibi kizee akaenda kuteka maji mwenyewe. Anarudi anapepesuka, nyonga inamuuma, maji yanamwagikia miguuni. Akachota kwa kata akampa mtoto anywe. Salehe hajui kunywa maji amekaa na mkubwa amesimama, anainuka. Bibi anamsukuma begani, anakaa. Anainuka tena. Anamsukuma tena. Mara ya tatu akabaki chini, akanywa huku akitazama huku na huku, utadhani ameiba.

Mama mkwe akanitazama kwa mara ya kwanza. Katika maisha yake alinitazama kwa kunishusha na kunipandisha. Safari hii alinitazama tu.

"Omari hakupotea," akasema. "Aliitika kila mtu katika nyumba hii, mpaka akaenda mahali ambapo hakuna anayemwita."

Nilitaka kumwambia kwamba wangu si kama wake. Nilitaka kumkumbusha vile vikombe, ile mitungi, maisha yake yote ya kukaa. Pini hazikuniruhusu. Na nadhani ndiyo maana niliwekewa, maana mimi ningejibu, na nikishajibu huwa sisikii.

"Huyu wako," akasema, "mwite siku moja usimtume."

Akaokota ndoo yake. Akapita katikati ya wale wanawe walionyoosha miguu, hakuna aliyempisha, akawaruka mmoja mmoja na ile nyonga yake mbovu. Nikamsikia anaita tena huko njiani, Omari, Omari, sauti inakwenda inapungua. Hakuna aliyemwitika, na mimi niliyemdharau maisha yangu yote nikatamani aitikiwe.

Nikaamka. Adhana ya alfajiri ilikuwa imekwisha na mdomo wangu una ladha ya chuma. Baba Rajabu amelala chali, kinywa wazi, kama kawaida yake. Nikamtikisa, nikamuuliza Omari alikuwa mtoto wa namna gani. Alidhani nimeota vibaya, akanyoosha mkono anitulize, akajibu bila kufumbua macho.

"Omari? Alikuwa mzuri sana. Ndiye tuliyekuwa tukimtuma."

Akageukia ukutani akaendelea kukoroma. Nilikaa pale kitandani nikimtazama mgongo. Nilitaka kumdharau, nina uzoefu wa hilo, lakini asubuhi ile sikujua nianze na nani.

Nikainuka nikaenda chumbani kwa watoto. Rajabu alikuwa amejivingirisha shuka lake na la Idi. Nikamvuta mguu, nikamwambia safari imevunjika, ndoo iko nyuma ya mlango na bomba analijua. Akafungua macho akanitazama utadhani nimemwambia akateke bahari. Nikamwambia nitasimama hapa hapa mpaka miguu yake iguse chini, na nitaita mara tatu, mara thelathini, cherehani isubiri. Alinung'unika. Alinung'unika kwa sauti ya baba zake watano, Omari simhesabu, lakini aliinuka.

Kitanda cha Salehe kilikuwa kitupu, kimetandikwa. Nilimkuta uani amechutama mbele ya jiko anapuliza mkaa, majivu kwenye nyusi. Kaka yangu alikuwa amekwisha kuoga, begi lake liko mlangoni, anafunga kamba za viatu. Nikasimama. Nilikuwa nimejiandaa kusema mengi, na mimi si mtu wa kukosa maneno, lakini yakatoka machache tu.

"Salehe."

"Naam, mama."

"Inuka ukaoge. Unaondoka na mjomba wako, unakwenda Handeni."

Akainuka upesi, akajifuta mikono kwenye kaptula, akanitazama usoni kwa makini asije akasahau agizo.

"Nikalete nini, mama?"