Macho Mbele ya Mashine

Nilivunja kisu cha mashine ya kukereza chuma nikiwa nimefumba macho, ninasali. Nasema hili mapema, nisije nikajipamba huko mbele.

Kwetu Nakivale, kwenye makazi ya wakimbizi, kazi haikuanza bila maombi. Tukipanda maharage tunaomba, tukifungua gunia jipya la unga tunaomba. Basi siku ya mtihani wangu, kwenye karakana niliyokuwa najifunzia kule Mbarara, nikaingiza namba kwenye kompyuta ya mashine, nikabonyeza kitufe cha kijani, nikainamisha kichwa. Mwalimu alikuwa ametuonya hadi akachoka: safari ya kwanza, macho kwenye kisu, kidole kwenye kitufe chekundu. Nami nilikuwa nimebadilisha chuma, nikafunga kirefu zaidi, bila kuiambia mashine kuwa sasa kinaanzia mahali pengine. Sikufika kwenye amina. Kisu kiliingia kwenye chuma kwa kishindo, kikakatika.

Mwalimu, Mnyankore wa maneno machache, akaniuliza kama nimelala. Nikasema nilikuwa naomba. Akatazama kisu, akanitazama mimi. Naye ni mtu wa kanisa, hakujua anikasirikie vipi.

“Wewe omba, maliza, halafu bonyeza,” akasema. “Rudi Jumatatu. Nakupa nafasi moja tu, basi.”

Jumamosi nilirudi nyumbani na furaha ya siri. Mimi ni mtu wa nyumbani. Mjini nilikuwa nikihesabu siku kama mgonjwa. Nikaamua kimoyomoyo kwamba Jumatatu sitaonekana, nitabaki kulima. Jembe, nilijiambia, haliulizi linaanzia wapi. Leo nikiwa mbele ya mashine, kidole kwenye kitufe chekundu, harufu ya mafuta ya moto hunirudisha kwenye Jumamosi ile: sombe, kisamvu chetu, ikiungwa mafuta jikoni, turubai la paa likipigwapigwa na upepo, na mama jirani akichambua maharage mlangoni kwake.

Nikamsimulia yote, nikitegemea pole. Nilisahau kwamba kipande nilichoshindwa kukikereza kilikuwa bushi, ile pete ya chuma inayoshika mhimili, ya mashine ya kusaga ya kijiji chetu, na kwamba tangu ikwame, yeye ndiye aliyekuwa akitwanga mahindi kwa mikono. Hakuinua hata uso.

“Hapa benye kulima beko mingi, na weye hata jembe inakushinda. Jumatatu urudie. Kuomba tutakuombea siye huku. Weye kule fungula macho.”