Jina la Fundi Lusajo kwenye Karatasi za Gari

Mwanangu, ipo asubuhi moja ya mvua ambayo hata leo sijaisahau. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, nimeketi ndani ya pikapu ya mgeni mmoja tukipanda kwenda Kinyala, na moyoni naomba inase kwenye tope tusifike.

Marehemu baba yangu, Anyelwisye, alikuwa dereva wa mlowezi mwenye shamba la kahawa kule Masoko. Mlowezi huyo alikuwa na gari la kifahari lililotengenezwa Ulaya kabla ya Vita Kuu ya Pili: refu, rangi ya maziwa, viti vya ngozi, na paa la turubai la kukunja nyuma wakati wa jua. Jua la Tukuyu unalijua lilivyo adimu. Baba alisema siku ambazo paa lile lilikunjwa zilikuwa chache hata alizikumbuka zote. Mlowezi alipohama, aliwaachia gari watu wawili: baba, aliyeliendesha, na Fundi Lusajo wa Kinyala, aliyelitengeneza miaka yote. Likakaa kwenye banda letu, maana kwa Lusajo wakati ule barabara haikufika. Baba alipofariki, nikaanza kuliita langu.

Ndipo akaja mgeni, Mzungu aliyezaliwa Iringa, Kiswahili chake kama chako na changu. Kazi yake ilikuwa kufufua magari ya zamani. Aliliona letu, akajilaza matopeni kulikagua chini, akatoka anacheka. Akasema atalipeleka kwenye karakana yake Arusha, na mimi atanichukua nikajifunze ufundi. Ila kwanza alitaka historia yake kwa maandishi: nani alilimiliki, akamwachia nani.

"Gari la namna hii bila historia ni mabati tu," aliniambia.

Nikaandika: mlowezi, kisha baba yangu, kisha mimi. Lusajo sikumtaja. Nilijiambia mzee yule ameshasahau. Ukweli ni kwamba niliogopa akitajwa, mwanawe ndiye atakayepelekwa Arusha.

Mgeni akasoma, akafurahi. Halafu akasema, "Sokoni wameniambia Kinyala yupo fundi mzee aliyelijua gari hili. Twende kesho. Wanasema anaongea Kinyakyusa tu, utanitafsiria."

Tulimkuta Mzee Lusajo amekaa mlangoni kwake, macho yameshaingia ukungu. Nikampa shikamoo, akanishika mkono kwa muda mrefu. Mgeni akataka nimuulize gari lilikuwa la nani. Mzee akajibu kwa Kinyakyusa, polepole, kwamba waliachiwa wawili, yeye na Anyelwisye, na anamshukuru Mungu kama bado lipo.

"Anasemaje?" mgeni akauliza.

"Anasema lilikuwa la baba. Yeye alilitengeneza tu."

Mgeni alipokwenda kuchukua kamera garini, mzee akanigeukia na kusema kwa Kiswahili kilichonyooka, "Mwanangu, nimefanya kazi na mafundi wa pwani miaka mingi. Kiswahili nakisikia."

Nilikosa pa kuuweka uso.

"Sikukuumbua, kwa heshima ya baba yako. Gari nilipande niende wapi na macho haya? Lakini umenifuta nami nimekaa hapa mbele yako. Nikishakufa je?"

Siku nne zilizofuata sikuwa mtu. Gari lolote likipunguza mwendo barabarani, nilijua wamekuja kunisema. Chakula kilinishinda, mama akadhani ni malaria. Siku ya tano lori la kubebea gari likafika likitokea Kiwira. Vijana walipoanza kulisukuma gari nje ya banda, nikamshika mgeni mkono, nikamweleza yote.

Mgeni akawaambia vijana waache. Tukarudi Kinyala, karatasi ikaandikwa upya, Mzee Lusajo akaweka dole gumba na kuridhia gari liende. Akanisamehe pale pale. Mgeni alinisamehe pia, ila Arusha sikwenda.

"Nahitaji mtu ambaye akiniambia amekaza bolti, sina haja ya kwenda kuhakikisha," alisema. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Aliyekwenda ni mwana wa Lusajo.

Nakusimulia haya kwa sababu jana umeniletea karatasi za mirathi ya shamba la chai la marehemu kaka yako, nizisaini. Nimezisoma mara mbili. Jina la shemeji yako, mjane wake, halimo. Unasema yeye ni mwalimu tu aliyehamishiwa hapa, kesho atarudi kwao Singida. Mwanangu, tangu jana sijatulia. Nimemzika kaka yako mwaka huu huu. Sitaki nikuone wewe ukianza kuogopa kila anayebisha hodi.

Sisaini. Nenda kaandike upya, na umsomee shemeji yako mwenyewe, neno kwa neno, kabla hujaniletea. Usimfute mtu kwa kuwa ni mgeni, au mnyonge, au unadhani hasikii. Na kama umeshakosea, sema leo, usingoje lori lifike mlangoni.

Mungu akujalie usingizi mtulivu, ule chakula chako bila hofu, na neno lako liaminike mpaka kwa wajukuu zako. Haya, nenda, baba. Shemeji yako yuko jikoni.