Kofia ya Mtoto Juu ya Gia

Krrr... krrr... tak! Mpaka leo nikifumba macho naisikia. Ni gia namba moja ya pikapu ya Baba ikiingia pale mlimani, kabla ya kona ya kwetu Karatu. Tukiisikia tu, tunaacha mchezo wa rede, tunaacha hata ugomvi uliokuwa umenoga, tunakimbilia barabarani kupokea vumbi jekundu. Wenzangu wa rika langu mnajua. Enzi zetu gari lilitambulika kwa sauti, rangi ilikuwa mambo ya baadaye.

Ilikuwa ile miaka ya sukari ya foleni na sabuni ya bahati. Shule tulikwenda pekupeku, mchakamchaka alfajiri na baridi inang'ata masikio, mchana makande yenye maharage ya kutafuta. Mimi niliishia darasa la saba, lakini kwa kuota ndoto mchana nadhani ningefika chuo kikuu. Nikimaliza kuosha vyombo napanda pikapu iliyosimama uani, nashika usukani, naenda Arusha, naenda Dar es Salaam, narudi kabla Mama hajaniita nikachote maji. Watoto wa sasa wanasafiri kwa kidole kwenye simu, na bado wananung'unika kwamba inakwenda polepole.

Baba alipeleka mahindi Endulen, kule ndani ya hifadhi ambako wafugaji walikuwa wamekatazwa kulima. Barabara yenyewe ilikuwa kupanda, kushuka, ukungu na matope, kwa hiyo mkono wake haukubanduka kwenye gia. Basi kile kichwa cha gia, cha plastiki nyeusi chenye namba zilizochorwa juu, kikapasuka kwa jua. Arusha hakikupatikana, duka la spea siku zile lilikuwa na rafu na mwenye duka tu. Baba akaviringisha mpira wa tyubu, ukateleza. Akachomeka gunzi la mahindi. Hilo lilifaa sana, mpaka mbuzi wa abiria mmoja alipolitafuna njiani. Kikabaki chuma kitupu, na kiganja cha Baba kikachimbika kidonda ambacho Mama alikifunga kitambaa kila jioni huku akikisema kama anagombana na mtu.

Huko Endulen Baba alikuwa na rafiki, Mzee Koinet, mfugaji wa Kimasai. Yeye alimwita Baba olchore, yaani rafiki yangu. Pikapu ikizama matopeni, ni watu wa Mzee Koinet waliokuja kuivuta, na Baba alilala katika boma lake mpaka njia ikauke. Bila yeye, Baba asingefikisha hata debe moja. Siku za mnada alishuka Karatu, akafikia kwetu. Sisi watoto tuliinamisha vichwa kwa desturi ya kwao, naye akapita anaweka kiganja juu ya kila kichwa, anakandamiza kidogo kama mtu anayepima boga kama limekomaa.

Huyo ndiye aliyempa Baba rungu lake mwenyewe. Jeusi, laini kwa mafuta na miaka, na kichwa chake kilijaa kiganjani sawasawa. Baba alilitundika ukutani juu ya redio, na hatukuruhusiwa hata kulipangusa vumbi.

Sasa ingia Baba mdogo Safari, mdogo wake Baba, aliyekuwa amekaa Arusha kwenye gereji muda usiojulikana akifanya kazi isiyojulikana. Siku moja Baba yuko shambani, namwona Baba mdogo ametoka sebuleni na rungu mkono mmoja, msumeno mkono wa pili.

"Safari, hicho ni kitu cha mtu," Mama akamwambia.

"Shemeji, kapewa kaka. Mkono wa kaka unaoza, na dawa inaning'inia ukutani inasikiliza taarifa ya habari!"

Kabla Mama hajaweka mtoto chini, kichwa kilikuwa kimeshatoka. Baba mdogo akapasha nondo motoni mpaka ikawa nyekundu, akatoboa tundu taratibu, moshi wa mti ule ukajaa ua mzima kwa harufu tamu ya ajabu. Akakizungusha juu ya kile chuma, akakaza kwa nguvu zake zote, akakipiga busu.

Baba aliporudi alikwenda moja kwa moja kwenye pikapu. Alikaa kwenye gari, akaweka kiganja, akaingiza moja, mbili, tatu. Nilimtazama usoni nikashindwa kumsoma. Mdomo ulikuwa umepona, macho yalikuwa yamefiwa. Nikajiuliza, sasa amefurahi au ameudhika? Nadhani na yeye alikuwa anajiuliza hivyo hivyo.

"Mnada ni kesho," akasema mwishowe. "Koinet anakuja, na narudi naye Endulen kwa gari hili."

Tukajaribu kukifungua kile kichwa, kikagoma, Baba mdogo alikuwa amekaza kweli. Asubuhi Mama akapata akili. Akamvua mdogo wangu kofia yake ya sufu, ile yenye kishada, akaivika gia. Mimi nikabaki nimembeba mtoto kichwa wazi, analia kwa baridi, na mbele yangu gia imevaa vizuri kama inakwenda kubatizwa.

Mzee Koinet akaja. Akanywa chai, akatupima vichwa vyetu, wala hakutazama ukutani. Au alitazama? Mpaka leo sijui. Akapanda kwenye pikapu, akaiona ile kofia, akacheka. Kisha, kama alivyotufanyia sisi, akaweka kiganja juu yake akakandamiza kidogo.

Kicheko kikakatika. Kiganja hakikutoka. Alikuwa amelishika rungu lile tangu ujana wake. Hakuhitaji kuvua kofia ili kujua kilichomo.

"Olchore," akasema polepole. "Hii nani alikata?"

Baba mdogo Safari alikuwa ameshapotelea nyuma ya banda la kuku. Baba hakumtaja. Alifungua kile kitambaa chake, akanyoosha kiganja chenye kidonda. "Mkono wangu ulikuwa unaumia, olchore," akasema, basi. Mzee Koinet akaushika ule mkono, akautazama mbele na nyuma, kama anayetazama kwato za ng'ombe anayechechemea.

"Mwili iko wapi?"

Mama akakimbilia jikoni, akarudi na ule mti usio na kichwa. Alikuwa ameanza kuutumia kufukuzia kuku. Mzee akaupokea, akauweka katikati ya magoti, akatazama mbele. Baba akaivua gia ile kofia, akanipa, akawasha gari. Krrr, tak, wakaondoka, na mimi nimesimama na kofia mkononi, sijui kama Baba anakwenda kwa rafiki au kwa mashtaka. Mama alipika ugali siku hiyo bila chumvi kwenye mboga, na hakuna aliyethubutu kuuliza.

Tukakaa tunasikiliza mlima. Hatimaye ikaja ile sauti. Tulipofika barabarani Baba ameshashuka, ana kibuyu cha maziwa, na kile kichwa cha gia kinang'aa kwa mafuta ya ng'ombe.

"Amesemaje?" Mama akauliza.

"Amesema inataka mafuta. Tusiiache ikauke."

"Na lingine?"

"Hilo tu, Mama Paskalina."

"Sasa huyo mtu amekasirika au hajakasirika?"

Baba akakuna kichwa. "Mimi mwenyewe nilimuuliza. Akanipa maziwa."

Miaka yote iliyofuata Mzee Koinet alisafiri na Baba akiwa ameshika ule mti usio na kichwa, na Baba pembeni ameshika kichwa kisicho na mti. Hawakulizungumza tena. Sikuelewa utotoni, na nikisema naelewa sasa nitakuwa nawadanganya.

Wote wawili wametangulia. Ile nusu ya rungu iliyobaki Endulen sijui iko wapi. Pikapu iko nyuma ya nyumba kwa kaka yangu, haina magurudumu, na kuku wanataga kwenye kiti cha dereva. Juzi nikiwa huko, mpwa wangu alikuja na gari linalojibadilishia gia lenyewe, mkono wake mmoja kwenye soda. Akanihurumia: "Shangazi, nyie mlikuwa mnateseka." Nikacheka naye. Gari lake ni zuri, limetulia. Limefika mpaka mlangoni na sikulisikia.

Kesho yake asubuhi walipokwenda kanisani nilibaki. Nikachota samli kidogo jikoni, nikaenda nyuma ya nyumba, nikamwinua kuku taratibu. Kile kichwa cha gia kilikuwa kimeanza kufanya nyufa. Nikakipaka, nikasugua kwa kiganja mpaka kikapata weusi wake, nikakandamiza kidogo. Kisha nikamrudisha kuku kwenye mayai yake.