Shubiri Moja Kutoka Sakafuni

Mzee wa winchi ya umeme gerejini kwetu hubonyeza kitufe kwa kidole gumba kilichokufa ganzi zamani. Kila injini huiinua shubiri moja tu, kisha huiacha ikining'inia, akafumba macho yake yaliyochoka na kuusikiliza mnyororo. "Mzee, unangoja injini ikuamkie?" huwa tunamtania. Leo, kabla hajafumbua, mimi nilishapeleka mkono chini ya injini kuchomoa gogo iliyokuwa imekalia, maana mwenye lori alikuwa ananiharakisha.

"Toa mkono, ndugu yangu," mzee alisema polepole, kama mtu anayeomba maji. Nikautoa huku nikisonya. Mnyororo ukakatika, injini ikalipasua lile gogo. Mzee akajikalisha juu ya tairi. "Vidole vyote vipo?" Nikamwonyesha. Akashusha pumzi. "Haya, lete mnyororo mwingine."