Viti vya Kipindupindu

Jerusha Mwikwabe hapendwi kijijini kwetu, na sikatai kwamba mdomo wake umechangia. Alitoka Ukuriani akaolewa hapa karibu na machimbo ya Macalder, mumewe akafukiwa na shimo la dhahabu, naye akabaki kwenye boma la mama mkwe ambaye hadi uzeeni alimwita mgeni. Huwapikia wachimbaji chapati na maharagwe. Ukimwambia chai yake ni nyepesi, atakuambia uende ukanywe ya mama yako. Mimi nampenda. Hao wengine siwapendi, na sioni haya kuwasema.

Kipindupindu kilipoingia machimboni, hakuna aliyehitaji kuambiwa kimetoka wapi. Pampu ya kisima chetu ilikuwa imeharibika, na watu walichota mtoni, palepale wanapooshea mchanga wa dhahabu, vichaka vya kujisaidia vikiwa hatua chache nyuma yao. Jerusha alichemsha kila tone, la wateja na la mama mkwe. Lakini yule mama alikuwa mbishi. Alisema maji ya kuchemshwa hayana ladha, na kila akienda kwa Nicanor, mwanawe aliyebaki, alikunywa ya mtoni hadi akatosheka. Jerusha alijua pampu isipotengenezwa, atamzika. Alimwambia hivyo kila mtu, hata waliomgeuzia mgongo.

Ndipo kaunti ikatenga fedha za dharura, na msimamizi wa wadi akatuita kwenye kikao cha kutoa maoni, na soda na mkate juu. Alisema fedha zinatosha jambo moja tu, kwa hiyo tuchague. Jerusha alisimama kabla mtu mwingine hajakohoa.

"Pampu," alisema. "Tengenezeni pampu. Hayo mengine yatangoja."

Nicanor akainuka. Huyu ni mwenyekiti wa kamati ya matanga, na sijawahi kuona mtu anayenenepa kwa vifo kama yeye.

"Jothurwa, ndugu zangu wa kijiji, watu wetu wanakufa," alisema. "Kila tukizika, hema tunaomba, viti tunaomba. Ni aibu. Kaunti itununulie hema na viti, tuzike watu kwa heshima."

Walipiga makofi! Wanawake walipiga vigelegele!

"Shemeji," Jerusha akauliza, "tukiisha wote, nani atakalia hivyo viti?"

"Kaa chini, mama. Hapa si kwenu."

Watu wakacheka. Msimamizi, mtu aliyesoma hadi chuo kikuu, alisikia viti vikiombwa kuwa dawa ya kuhara, akaandika, kisha akatusifu kwa kushiriki vizuri. Tulipopiga kura, mikono iliyoinuliwa kwa pampu ilikuwa michache, wangu ukiwemo, na hata leo nikiikumbuka ile iliyokuwa ya viti nasikia hasira.

Yule mama alishikwa na kipindupindu akiwa kwa Nicanor. Jerusha alimpakata kwenye bodaboda hadi zahanati, mama akafia hapo mikononi mwa yule aliyemwita mgeni. Maafisa wa afya walimfunga kwenye mfuko, wakamleta na kumzika alasiri ileile. Hakuna kumtazama, hakuna kula, hakuna kukesha. Nicanor, bingwa wa matanga, alimzika mama yake akiwa amesimama mbali nje ya ua.

Wiki iliyofuata lori lilileta hema na viti. Nicanor alilisimamisha hema kwenye boma la marehemu, akapanga viti mistari mistari, akaita watu waje kuomboleza. Chifu alikuja na askari, akawatawanya. Mikusanyiko ya matanga ilikuwa imepigwa marufuku, na marufuku ilitoka kwa kaunti ileile iliyonunua viti.

Nicanor aliona aibu kuvikunja, akaviacha hapo pamoja na hema. Wingu lilipotanda, Jerusha alilegeza kamba za upande mmoja ili hema liiname, akapanga mapipa chini ya ukingo wake. Mvua ikanyesha, mapipa yakajaa.

Asubuhi walikuja na mitungi, walewale wa makofi na vigelegele. Nicanor alikuwa mbele, maana mtoto wake alikuwa ameanza kutapika.

"Karibuni," Jerusha aliwaambia, akiwaonyesha viti vilivyolowa. "Si mliomba viti? Kaeni."

Wakakaa kwenye tope, jua likiwachoma. Aliwapita mmoja mmoja akiwajazia mitungi. Akamwacha Nicanor awe wa mwisho.

"Shemeji, tafadhali. Mtoto ananingoja."

Jerusha aliujaza mtungi wake hadi juu, akaufunga vizuri, akauweka miguuni pake.

"Kayachemshe kwanza," alimwambia. "Hayatakuwa na ladha. Mama hakuyapenda, alipenda yale ya kwako ya mtoni."

Kisha aliingia jikoni kuwapikia wachimbaji. Nicanor aliinama kuuchukua mtungi, akashindwa kuinuka kwenye kile kiti.